Boke, Usiruke Mstari

Chumba cha wagonjwa,
shule ya wasichana, karibu na Kendu Bay.
Jumapili mchana.

Mama,

Nianze na mguu. Unaendeleaje? Bado unakunyima usingizi? Halafu nipe habari zako mwenyewe, na za mahindi, na za yule ng'ombe mkaidi, maana nikipiga simu unanipigia kelele, "Sisikii! Sisikii!" kisha unampa Boke, naye ananiambia, "Nyanya hajambo," na simu inakatika. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haukai.

Kwa kuwa macho yako hayashiki herufi tena, najua anayekusomea hapa ni Boke. Basi nawaandikia nyote wawili. Boke mwanangu, soma kwa sauti, polepole, usiruke mstari. Barua hii inakuhusu wewe kuliko nyanya yako.

Mama, mimi ndiye sista wa shule hii, na kila msichana anayeugua huletwa kwangu. Upande huu wa ziwa kila ugonjwa ni malaria. Kichwa kikiuma, malaria. Mtu akikataa ugali, malaria. Wiki mbili zilizopita msichana wa kidato cha nne alisinzia wima kwenye paredi ya Jumatatu, akawaangukia wenzake. Wakamleta wakimkokota. "Sista, huyu ana malaria, mpe dawa tu." Nikampima. Hana. Siku ya tatu akarudishwa, macho mazito, anajikuna shingo na mikono, anatapika. Nikampima tena. Hana.

Nikafunga mlango, nikampa uji, nikakaa naye. Sikumtisha. Mwaka jana nilimtisha mwingine. Nilimkuta na vidonge ndani ya soksi, nikakimbia kwa deputi wa prinsipali, mtoto akasimamishwa mbele ya shule nzima na kufukuzwa. Nilidhani nimefanya kazi yangu. Kumbe wenzake waliokuwa wakimeza naye walijifunza jambo moja tu, kunificha.

Huyu wa sasa alimaliza uji, akafuta mdomo, akasema, "Sista, ni dawa za dana." Dana ni nyanya, Mama, kwa Kijaluo. Nyanya yake aliumia kiuno, hospitalini wakampa vile vidonge vikali vya maumivu. Mtoto alimeza kimoja siku tumbo la mwezi lilipomzidi, akaona kinamtuliza, hata mtihani haumtishi. Akaendelea. Nikamuuliza, "Nyanya yako hakugundua?" Akanijibu, "Dana huwa hahesabu. Anasema hospitali wanampunja."

Mama, hapo nikakukumbuka wewe. Wewe uliniambia nini mwezi uliopita? "Hawa watu wa hospitali wananipunja, dawa za mguu za mwezi mzima hazifikishi wiki mbili." Nikacheka! Na Boke ameugua malaria mara tatu muhula huu. Analala mchana kutwa, anajikuna, anatapika, chakula hataki. Nani alimpima? Hakuna. Mimi, nesi mwenye cheti, nilisema kwa simu, "Mnunulieni dawa ya malaria pale kwa chemisti," mara zote tatu, nikageuka kuwapima watoto wa watu. Aibu hiyo hainiachi nikae. Nafagia chumba kilichofagiliwa. Napanga bandeji, nazipangua, nazipanga upya.

Labda nimekosea. Boke, kama nimekosea nitakuja nikuombe msamaha mbele ya nyanya yako, tena kwa furaha. Lakini juzi nilipokuuliza ulisema, "Network mbaya, Mama," na mimi nilikuwa nasikia mpaka jogoo wa jirani.

Nimeomba ruhusa nije. Prinsipali kasema mitihani ya majaribio imeanza, na shule haina sista mwingine, ningoje hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Huko kungoja kutaniua. Ndiyo maana barua hii nampa Nyar Kosele, yule mama anayepeleka dagaa wa omena soko la Isebania, hapo karibu nanyi. Bahasha nitaifunga kwa plasta ya vidonda; alipoiona plasta mkononi mwangu akanicheka, "Sista, hata barua nayo imeumia?" Nikashindwa kucheka naye.

Sasa Boke, kama ni kweli, nisikilize kama mgonjwa wangu. Usiache ghafla kwa siri ukidhani utajikaza, mwili unaweza kukusumbua vibaya. Nenda zahanati na nyanya yako, useme unameza nini na tangu lini. Hawatakuitia polisi, watakusaidia. Na usimpe rafiki hata kimoja, hata akilia. Mama, nawe mkebe wa dawa ushike wewe, usikae juu ya kabati. Tena ukifunguliwa uhesabu, na Boke akiwepo.

Wacha niseme linaloniuma zaidi. Mama, umekuwa ukiugulia, na huyu mtoto anakuchemshia maji, anakukanda mguu, anakuambia pole nyanya, huku dawa yako amemeza yeye. Boke, hilo nimelikasirikia sana. Nakupenda na nimekukasirikia, yote mawili kwa pamoja, na sijui niyatenganishe vipi. Hata mimi nina makosa. Nilikuacha hapo ukiwa na umri wa kuhitaji mama, nikaja kuitwa mama na wasichana mia wasio wangu, na kila wiki nikikuuliza kama umekula nilijiona nimemaliza.

Mnisalimie mjomba fundi wa baiskeli, wifi yangu na mapacha wake, na yule mzee wa kanisa aliyekuletea magongo, Mama. Mjomba asiambiwe kwanza. Atakuja na fimbo.

Boke, ungeweza kuikunja karatasi hii tangu juu kabisa na kusema, "Mama anatusalimu, yuko mzima." Nyanya angekuamini, maana anakupenda. Nilijua hivyo, na bado sikutafuta msomaji mwingine. Yule msichana wa mwaka jana niliyemsemea mimi alifukuzwa, hadi leo sijui alipo. Huyu aliyesema mwenyewe anapelekwa kliniki kila Alhamisi, na jana alinitania kwamba uji wangu hauna sukari. Nakutaka uwe kama huyu.

Basi hapa chini nimeacha mistari mitatu bila kuandika kitu. Hiyo ni yako. Weka karatasi chini, mwangalie nyanya usoni, useme. Mama, akianza, usimkatize.

.......................................

.......................................

.......................................

Ni mimi, mwana wa mmoja wenu na mama wa mwingine,

Gati