Dola ya Tamasha ya Zuhura

Mdogo wangu Zuhura,

Naamini hamjambo nyumbani. Mimi nimekaa kwenye nyasi hapa Mount Druitt, mtaani kwa mwanangu huku ughaibuni. Jua la huku halichomi, maua ya zambarau yanadondoka polepole mpaka juu ya kadi hii, na sina hakika kama nimeamka au bado naota.

Leo mtaa una tamasha. Mwanangu Rehema alibadilisha hela langoni, tukapewa dola za tamasha, sarafu za shaba zenye picha ya kasuku. Zinatumika humu uwanjani tu mpaka jua lizame. Kesho zitakuwa ukumbusho. Nikasema sinunui kitu, nakuletea zote.

Kisha mama mmoja wa Burundi akapanda jukwaani, akaimba. Zuhura, ile ilikuwa sauti yako ya zamani, kabla shemeji hajafariki nawe ukaacha kuimba. Miguu ikanichukua yenyewe. Nikaenda nikicheza, nikambandika dola kwenye paji la uso, kama tunavyotuza harusini. Nilisahau kwamba hii si noti. Ikateleza ikaingia ndani ya gauni. Hakukatisha wimbo, alicheka kwa macho tu. Zilizobaki nikamtilia mkononi, zote.

Alipomaliza akanifuata. "Mama, ile ya kwanza ilishuka mpaka kiunoni," akasema. "Ichukue, ukamtuze mwingine."

Bado ina joto lake. Kesho haitanunua hata kitunguu. Ni yako, mdogo wangu, lakini sikupi hivi hivi. Uimbe kwanza.

Dada yako akupendaye,
Mwanaidi