Mto wa Fundi Saa

Dada yangu kipenzi,

Nakusalimu nikiwa kitini, mashine inanisafishia damu nami naelea kama jani majini. Paka wako amezaa kabatini, juu ya gauni langu la sikukuu. Sikumfukuza, mzazi ni mzazi.

Unajua maji tunapimiwa, basi sisi wagonjwa wa figo tuna mchezo wetu. Tunafumba macho, kila mmoja anasimulia anachokunywa. Jirani yangu wa kushoto, Fundi Saa, hakutaka vikombe. “Nyie nyweni kistaarabu,” alikuwa akisema. “Mimi nimelala chali, mdomo wazi, mto unapita.” Tulicheka mpaka mashine zikalia na nesi akatukaripia.

Halafu akaanza kukohoa. Nesi akasema ni virusi vya mafua, ila kwa watu kama sisi mafua si mafua. Wakamhamishia chumba cha kioo, kule mwisho. Wakati wa mchezo nilichungulia, nikamwona ameinua kikombe kitupu kuelekea kwetu. Hakurudi kitini, dada. Mungu amlaze pema. Kiti chake amepewa mama mmoja mpole. Mchezo nimemfundisha mimi.

Ulisema utakuja na kichanga wako. Usije kwanza. Kifua kinakoroma, homa imepanda, na kiti nilichokalia nikikuandikia kiko ndani ya kile chumba cha kioo.

Wenzangu wamefumba macho, midomo inacheza, sisikii neno. Yule mama peke yake ndiye anayechungulia. Nimemwinulia kikombe.

Sasa naweka kalamu chini. Nalala chali. Mto unapita.

Mdogo wako wa tumbo moja