Mama Hayumo Kwenye Wimbo

Nyumba ya mlango wa kijani,
Mtaa wa nyuma ya dobi,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote, na mkaza mjomba naye azipokee, hata kama bado amenuna kwa sababu sikupokea simu yake siku zile za msiba. Mwambie sikuwa na sauti ya kupokelea simu. Mgongo wako unaendeleaje? Zile zamu za alfajiri bado zinakutesa au wameshakuhamisha? Na baridi ya huko? Vaa soksi, Mjomba. Dada yako hayupo tena wa kukugombeza kuhusu soksi, kwa hiyo kazi hiyo nimeirithi mimi.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyoni tuyaache kwanza. Saloni inakwenda, watu wanasukwa hata wakiwa na huzuni, na mimi nasuka hata nikiwa na huzuni. Mume wangu anakoroma kama kawaida yake. Watoto wameanza kucheka tena, na siku ya kwanza walipocheka nilitaka kuwachapa, halafu nikaona haya.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kila tukipigiana wewe unalia, mimi nalia, tunaagana hatujasema kitu. Nina jambo kubwa la kukuomba. Lakini hutalielewa mpaka nikupe habari za Chiriku tangu mwanzo, maana najua mama alikuwa akikuficha mengi ili usikose usingizi ugenini.

Huyu mdogo wangu ulikuwa ukimwona kwenye televisheni: nguo za kumeremeta, wachezaji nyuma yake, na nywele ambazo mimi msusi ningeona aibu kusema nimezisuka. Zile nyimbo zilimpa jina, sikatai. Lakini hakuna hata moja aliyoitunga. Kampuni ilimpa maneno, ikampa nguo, ikamwambia acheke wapi na alie wapi. Hata sauti haikuwa yake yote. Akishaimba, waliipitisha kwenye kompyuta, wakaondoa pumzi, wakaondoa mikwaruzo, wakaondoa kila kitu kinachoonyesha kwamba aliyeimba ni mtu. Wenyewe wanaviita uchafu. Alipokuwa mgeni aligombezwa sana kwa ajili ya uchafu, baadaye wakamfundisha kuusafisha mwenyewe, na akawa hodari kuliko mafundi. Bosi wa kampuni alikuwa akimsifu mbele ya wageni kwamba hata inzi akipita chumba cha kurekodia, Chiriku atamsikia na kumfuta.

Siku moja alikuja saloni nimsuke. Redio ikapiga wimbo, akauliza, "Dada, huyu anayeimba ni nani?" Nikacheka nikidhani ananitania. Alikuwa ni yeye mwenyewe anayeimba, Mjomba. Na hakuwa anatania hata kidogo.

Basi akaondoka kwenye kampuni. Bosi akamkumbusha kwamba jina la jukwaani ni la kampuni, nyimbo ni za kampuni, nguo ni za kampuni. Hata simu walimtuma dereva aje kuichukua, baadaye, walipokumbuka. Wale marafiki waliokuwa wakimjazia sebule sijui walimezwa na nini. Akarudi hapa kwa mama na mabegi yake, akasema atatoa albamu yake mwenyewe, maneno yake, sauti yake, na ataitengenezea humu humu ndani. Mimi domo langu unalijua. Nikamwambia ameruka majivu anakwenda kukanyaga moto. Mama akaninyamazisha. Akasema, "Mtoto akililia wembe mpe. Na huu nitaushika naye."

Chumba walichotumia ni kile cha nyuma, ulimokuwa ukilala wewe kabla hujaoa, ambacho mama alikigeuza cha kupigia pasi nguo anazoletewa kutoka kwa dobi. Ungeona vituko vyake! Magodoro yote yalisimamishwa ukutani kuzuia kelele, tukalala mikekani kama wakimbizi. Friji ilizimwa isingurume, maziwa yakaganda, mume wangu akayanywa bila kuuliza, akashinda chooni siku nzima, na huko nako akaambiwa asitoe sauti. Mama alisimama sebuleni mikono kiunoni akasema, "Haya, nimeambiwa nisipumue ndani ya nyumba yangu." Tulicheka, Mjomba. Sijui kama nimewahi kucheka hivyo tangu niolewe.

Lakini wewe unamjua dada yako. Wimbo haukupita mbele yake bila kuitikiwa. Kule kwa dobi ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, mmoja anaanza, wenzake wanaitikia katikati ya mvuke, na mikono haisimami. Na sisi alitulea hivyo hivyo. Chiriku akiwa mdogo alikuwa anaanzisha mstari kutoka uani, na mama anamjibu kutoka kwenye pasi, kwa ile sauti yake ya chini, bila hata kuinua kichwa. Hakumfundisha kuimba kwa njia nyingine yoyote.

Ule wimbo wa saba Chiriku aliutunga kwa ajili ya mama, unahusu mwanamke anayenyoosha nguo za watu wa sherehe asizoalikwa. Siku ya kuurekodi joto lilikuwa kali, mlango ukaachwa wazi kidogo. Mama alikuwa chumba cha pili anakunja mashuka. Chiriku akaanza. Mama akaitikia. Alisahau, au hakusahau, mwenyewe alikataa kusema. Walipoucheza ili wausikilize, ikasikika huko nyuma, mbali, sauti ya mama inamjibu mwanawe mstari kwa mstari. Mimi nilidhani Chiriku atafoka. Akakaa chini sakafuni, akasema haguswi mtu, utabaki hivyo hivyo, na kwamba albamu nzima aliianza ili akitafute kitu hicho.

Siku hiyo hiyo akakutumia wimbo huo kwa ile simu ya kampuni, dereva hajaja bado kuichukua. Najua unakumbuka. Ulipiga ukiwa kazini, ukasema, "Huyo ni dada yangu!" na wenzako wakawa wanakuuliza umefiwa au umepata mtoto.

Halafu kifua cha mama kikaharibika, na hayo unayajua. Jambo usilolijua ni kwamba Chiriku alianza kuikimbiza albamu ili mama aisikie angali hai. Mchana hospitali, jioni chumba cha nyuma, hali chakula, haogi vizuri, ukimsemesha anakujibu kama yuko chini ya maji. Jioni moja alikuwa amebakiza huo wimbo wa saba. Mwanzoni palikuwa na pikipiki iliyopita mtaani, akaona aiondoe. Pikipiki tu. Akaiondoa. Kisha akasikia pumzi yake mwenyewe, akaiondoa. Kisha mkwaruzo wa kiti. Mkono ukaendelea wenyewe, Mjomba, kama mimi ninavyosuka huku nawaza mengine, nikija kushtuka kichwa kimekwisha. Alisafisha kila kitu kilichokuwa nyuma ya sauti yake. Akaona wimbo umetulia, akaupenda, akauhifadhi juu ya ule wa kwanza, akaipeleka albamu kwa wanaoitoa, akalala.

Kesho yake tukampelekea mama. Nilimwekea vile visikizio masikioni mimi mwenyewe. Alisikiliza kwa kufumba macho, anatikisa kidole juu ya shuka. Ulipofika wimbo wa saba alitabasamu, na nikaona midomo yake inaitikia pale pale alipoitikia siku ile. Akaitikia tena. Kisha akafumbua macho, akawa kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Wimbo ukaisha.

"Mzuri sana, mwanangu," akasema. Halafu, bila hasira yoyote, akauliza, "Mimi mmenitoa?"

Chiriku hakuelewa. Nilimtazama usoni mpaka alipoelewa, na sitaki kuuona tena uso ule duniani. Mama naye aliuona, akafanya haraka kumshika mkono. "Afadhali," akasema. "Sauti yenyewe ina kikohozi. Ningekuharibia." Akacheka, kikohozi kikaja kweli, muuguzi akatutoa nje. Wiki haikuisha, tukamzika.

Chiriku alimwita fundi mitambo aliyefanya naye kazi kule kwenye kampuni, kijana mwungwana, ajaribu kuirudisha sauti ya mama. Alikaa na ile kompyuta tangu asubuhi, chai ikapoa, ya pili ikapoa. Akatuambia maji yakishamwagika hayazoleki. Alikuwa anatazama viatu vyake alipokuwa anasema.

Albamu imetoka. Redio kubwa hazitaki kuigusa, nadhani kwa kumwogopa Bosi, lakini wapo wanaoitafuta wenyewe, na wanaisifu. Unajua wanasifu nini zaidi? Wimbo wa saba. Juzi mtangazaji mmoja akasema hajasikia sauti safi namna ile tangu aanze kazi. Chiriku alikuwa kwenye kiti changu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Akainuka akaenda zake. Amebaki hivyo hivyo mpaka leo, nusu kichwa, na mimi jirani zangu wananiuliza kama nimeacha kazi.

Na sasa Bosi amekuja. Alikuja kutoa pole, akakaa kwenye kiti cha mama, nikatamani kukipindua. Akasema lile jina la jukwaani bado linamngoja Chiriku, mkataba uko tayari, atie sahihi mwisho wa mwezi. Nikafikiri mdogo wangu atamfukuza. Hakumfukuza. Alipoondoka nikamwambia, wewe una wazimu, umepigania kutoka kwenye mdomo wa mamba halafu unarudi kumsafisha meno? Akanijibu taratibu, "Dada, mimi sikutoka. Nilikuwa peke yangu chumbani, hakuna aliyenituma, na nikamfuta mama. Mkono huu ni wao. Bora uende kwao."

Mimi, Mjomba, ambaye hukosi kunitania kwamba hata nikifa mdomo utazikwa baadaye, niliinuka nikaenda jikoni. Nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ndiyo maana ya barua hii. Ule wimbo ulionao wewe ni ule wa kwanza, wenye pikipiki, wenye kiti, wenye mama. Chiriku anaamini umekufa pamoja na simu yako, maana ulituambia ilianguka majini ukanunua nyingine. Lakini mimi nakujua. Mama alikuwa akisema wewe hutupi hata redio iliyooza betri. Hiyo simu iko mahali. Iko kwenye droo, au kwenye lile sanduku la misumari, au binamu zangu wamepewa waichezee. Naomba uitafute. Usijaribu kuifungua mwenyewe, unavyopenda kujifanya fundi. Mpelekee mtu anayejua simu, ukae hapo hapo mpaka amalize.

Ukipata, nipigie mimi, usimpigie yeye. Usipopata, nipigie mimi vilevile. Sijamwambia kwamba nakuandikia. Kama ni kuvunjika moyo mara ya pili, nivunjike mimi, angalau mimi ninajua kupiga kelele.

Msalimie mkaza mjomba, mwambie nampenda, na asininunie. Wasalimie binamu wote wawili, yule mrefu na yule mwenye maneno. Mume wangu anakusalimu, watoto wanauliza utakuja lini. Yule mama mzee wa dobi aliyefanya kazi na mama anakuombea, na amesema nikwambie kwamba pasi ya mama ya kule kazini bado hawajampa mtu.

Nilikuwa nimefika hapa nataka kufunga bahasha, nikasikia harufu ya nguo zenye moto. Nikaenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Chiriku yuko na pasi, ananyoosha mashuka ya watu, na nusu kichwa chake vilevile. Anauimba ule wimbo wa saba. Amefika pale mama alipoitikia akanyamaza, akaacha nafasi, pasi imesimama hewani. Nilitaka kuitikia, Mjomba. Nilifungua mdomo kabisa. Haikutoka sauti. Akangoja kidogo, akashusha pasi, akaanza tena mwanzo.

Itafute hiyo simu.

Mungu akulinde na baridi, akuongoze mkono utakapokuwa unapekua, na akurudishe kwetu salama.

Wako akupendaye,
mpwa wako mkubwa, yule wa domo.