Sufuria ya Kamanda

Pangani,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu Leticia,

Shikamoo. Naanza kwa kukuomba radhi. Barua yako ilinifikia kabla ya masika, na sasa masika yamekwisha, majani ya uani yamekauka, nami sijakujibu hata mstari mmoja. Ningeweza kupiga simu, lakini sisi wawili simu hatuiwezi: wewe unapaza sauti ukidhani kwamba Pangani ni mbali, na mimi nasahau nililokusudia kusema. Kwa hiyo leo nimeketi mezani, nimefunga dirisha la upande wa barabara, nami nakuandikia kwa utaratibu.

Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba baridi ya Soni ya miezi hii haikufungii ndani. Natumaini pia kwamba kuku wako wanataga na kwamba mchungaji mpya anahubiri kwa sauti inayosikika. Mimi ni mzima kiasi. Neno hilo, kiasi, utalielewa ukifika mwisho wa barua hii.

Uliandika kwamba tangu mke wangu Praxeda afariki mimi ni mwanamume wa peke yake asiyejua kuchemsha hata chai, na kwamba chumba cha marehemu baba kimekwisha kupakwa chokaa, kinanisubiri. Robert mwanangu anakubaliana nawe, naye amesema atakuja kunichukua mwisho wa mwezi ujao. Uliniagiza pia kwamba mbwa na paka alioniachia Praxeda niwagawie watu, kwa kuwa mbwa wa pwani haiwezi baridi ya milimani na wewe una kuku. Maagizo yako yote nimeyasoma kwa heshima. Sikujibu kwa sababu sikutaka kukubali, na kukukatalia wewe sijazoea. Nataka kubaki katika nyumba hii, Dada. Nalisema mapema ili usome yaliyobaki ukijua ninachokitetea.

Mbwa yule anaitwa Kamanda, na paka anaitwa Chausiku. Praxeda aliwapenda, mimi niliwavumilia. Alipoondoka niliwalisha kwa wajibu, kama mtu anayelinda mali ya mwenzake. Kamanda nilimfunga mnyororo kwenye mlango wa jiko, mahali alipokuwa akikaa na mama wa nyumba, nikaona nimetenda yote yanayompasa mbwa.

Hapa lazima nikueleze habari za jirani yangu, Bibi Batulbai, mjane wa Kihindi wa dhehebu la Bohora, mwenye duka la vitambaa. Tumepakana ukuta. Amezaliwa hapa hapa Pangani, na Kiswahili chake ni cha mtoni hasa, kuliko changu mimi niliyeshuka milimani. Unajua desturi ya huku: nyumba ikifiwa, sahani za majirani huanza kuja, na sahani ya jirani haikataliwi. Za wengine zilikoma baada ya matanga. Za Bibi Batulbai hazikukoma. Leo biriani, kesho dengu, keshokutwa sambusa na kababu, vyote vikiwa vimejaa vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawa, na vitunguu saumu, na samli. Nami nilirudisha kila sahani ikiwa imeoshwa, na ndani yake nimeweka ndimu au ndizi au mayai, kwa sababu kurudisha sahani tupu ni utovu wa adabu. Alifurahi sana. Aliwatangazia watu sokoni kwamba Mwalimu Fanueli, pamoja na ukimya wake wote, ana tumbo la mpagazi wa bandarini.

Ukweli ni kwamba sikuwa ninakula. Chakula chote kile kilikwenda uani, kwa Kamanda, na nyama zilizobaki kwenye mchuzi akapewa Chausiku. Sababu ya mimi kutokula nitaieleza kabla sijafunga barua. Kwa sasa nakuomba ukubali tu kwamba kula sikuweza, na kukataa sikuweza vilevile.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Kamanda alipoanza kunyonyoka manyoya mgongoni. Alijikuna mpaka damu ikatoka. Mzee Uweso, anayeuza makaa hapa jirani, alikuja na chupa ya oili chafu iliyotolewa kwenye injini, akaapa kwamba babu yake na baba yake hawakuwa na dawa nyingine ya ukurutu wa mbwa. Tukampaka. Bibi Batulbai alichungulia juu ya ukuta, akauliza kama nimemtia mbwa lami ili mgeni wa serikali apite juu yake. Uweso akamjibu kwamba hilo ni koti la harusi. Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka, kwa maana siku zilizofuata mbwa aliilamba ile oili, akatapika, akawa analala mchana kutwa. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi. Nilipomfungua kinywa, ufizi wake ulikuwa mweupe.

Nilimwendea ofisa mifugo, binti anayeitwa Brightness, mtoto wa watu wa mashamba ya mkonge ya upande wa Mwera. Alikuja, akanisalimu vizuri, akaniomba maji na sabuni ya kipande, na kabla ya jambo lolote akamwosha mbwa ile oili mpaka maji yakatoka safi. Alisema kwamba oili na mafuta ya taa hupenya ngozi, na mnyama akijilamba humeza sumu. Uweso alikuwa amesimama nje ya lango. Alikumbuka kwamba ana mteja.

Nilitegemea kwamba binti yule angechoma sindano na kuondoka. Badala yake alianza kuniuliza maswali kama wakili. Mbwa analala wapi? Anafunguliwa saa ngapi? Anatembea? Zamani alikuwa na nani? Nilimuuliza mambo hayo yana uhusiano gani na ngozi. Akanijibu kwa adabu, lakini bila kurudi nyuma, kwamba ngozi haiugui peke yake. Mnyama ni mmoja, tumbo lake, damu yake, usingizi wake na upweke wake. Alisema kwamba mbwa aliyefungwa kwenye mlango wa mtu ambaye hatarudi tena naye yumo msibani.

Kisha akauliza mbwa anakula nini.

Wakati huo Bibi Batulbai alikuwa ukutani na kikombe chake cha chai, amekuja kutazama. Nikasema kwamba anakula ugali. Binti akautazama tena ule ufizi, akasema kwamba ugali hauharibu damu namna hii. Akauliza mara ya pili. Nikasema ugali na dagaa. Bibi Batulbai akaona ninazungushazungusha maneno, akaniingilia kwa huruma: sema, Mwalimu, mwambie daktari, huyu maskini ulikuwa unamlisha kitu gani? Nilimtazama yeye, nikamtazama Kamanda, ambaye hakuweza kuinua kichwa. Nikasema kwamba anakula biriani.

Brightness akaeleza kwamba vitunguu, viwe vibichi au vimepikwa, na vitunguu saumu pia, huvunja damu ya mbwa, na ya paka zaidi. Na chumvi na samli huongeza madhara. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa ninamsikiliza jirani yangu, aliyeuliza taratibu kwamba ni biriani ya nani. Pangani hii, Dada, mimi naletewa biriani kutoka nyumba moja. Hakungoja jibu. Aliweka kikombe juu ya ukuta akaingia ndani, na kikombe kikabaki pale mpaka kesho yake.

Sahani zikakoma. Asubuhi nilipomsalimu dukani aliitika kwa kichwa na kuendelea kupima kitambaa. Mimi nikabaki na mgonjwa. Brightness alikuwa amemdunga sindano ya ukurutu, na ya kichaa cha mbwa akaiahirisha mpaka damu irudi. Lakini alisema wazi kwamba dawa itasaidia ikiwa chakula kitasaidia. Nimpikie mwenyewe: wali laini kidogo, samaki wa kuchemsha aliyetolewa mifupa yote, boga, mchicha, na kipande cha ini mara mojamoja, bila chumvi, bila pilipili, bila vitunguu. Mifupa iliyopikwa nisimpe kamwe, kwa kuwa hupasuka vipande vikali tumboni. Maziwa nisimpe Chausiku, ingawa anayalilia, kwa kuwa yanamharisha. Yeye apate samaki na nyama, si ugali, maana paka hajaumbwa kwa nafaka. Na Kamanda atakaposimama, nimfungue mnyororo, nitembee naye kila asubuhi.

Nikapika, Dada. Mimi. Siku ya kwanza niliunguza wali, siku ya pili niliunguza wali na boga. Siku iliyofuata moshi ulipopanda, sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta ikiuliza kama Mwalimu anachoma viatu. Nilijibu kwamba ninapika. Ikasema kwamba inajua maana ya kupika, na kwamba hiyo si yenyewe. Baada ya kitambo Bibi Batulbai akaingia kwa lango, akiwa na bakora yake, akaomba kiti, akakaa mbali na mbwa, kwa sababu mate ya mbwa yakimgusa, dini yake humlazimu kujitoharisha.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama mbwa alikula ndani ya sahani zake. Nilimwapia kwamba haikutokea hata mara moja. Chakula nilikimimina katika bakuli la bati la Kamanda, na sahani zake sikuziweka hata sakafuni. Uso wake ukalegea. Swali la pili lilikuwa kama mbwa alikipenda. Nikasema kweli, kwamba alikuwa akilisukuma bakuli kwa ulimi mpaka ukutani. Hapo akacheka, akasema kumbe miezi yote hii alikuwa na mteja mwenye mkia. Kisha akanyoosha bakora kuelekea kwenye sufuria na kuniamuru nipunguze moto, niongeze maji, nifunike, na niache kuchungulia kama mtoto wa madrasa.

Kamanda amepona. Ufizi umerudi rangi yake, manyoya yanaota, na sindano ya kichaa cha mbwa amekwisha kuipata. Tunatembea ukingoni mwa mto kila asubuhi kabla jua halijawa kali, na watu wanaotusalimu husalimia wote wawili. Hata Uweso amempa pole.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikukuambia.

Mwaka jana hospitali waliniona nina shinikizo la damu, na sukari imepanda. Walinipa vidonge, wakanikataza chumvi, mafuta na wali mwingi. Sikumwambia mtu. Robert angalijua, angalinichukua siku ileile. Nawe ungalisema kwamba ulikwisha kusema. Bibi Batulbai sikumwambia, kwa sababu mwanawe Burhanuddin na Robert huongea kwenye simu kila wiki. Kwa hiyo sahani zilikuja, mimi nikawa ninakunywa chai kavu na kula mkate, nikidhani kwamba kutokula ndiko kujitunza. Nilikonda. Mchungaji alidhani ni majonzi, nami nikamwacha adhani hivyo.

Kisha nikaanza kumpikia mbwa. Mchana mmoja samaki alikuwa ameiva vizuri, na boga limekuwa laini, nami nilikuwa na njaa ya miezi mingi. Nilionja. Nikachukua sahani. Tangu siku ile tunakula kutoka sufuria moja: napakua changu kwanza, nakikamulia ndimu, kisha cha Kamanda, na samaki wa Chausiku pembeni. Nakula chakula cha mbwa, Dada Leticia. Au mbwa anakula chakula cha mzee mgonjwa. Sioni tena tofauti. Wiki iliyopita kliniki walinipima, na muuguzi akarudia kupima kwa kuwa hakuamini mashine. Shinikizo limeshuka, na sukari imeshuka. Vidonge naendelea navyo. Aliniuliza nani ananipikia siku hizi. Nilimwambia kwamba napika mwenyewe, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jirani yangu nilimweleza yote siku hiyohiyo. Nilidhani ameshamaliza hasira zake juu ya biriani. Alikasirika upya, na safari hii kwa kweli. Alisema kwamba mbwa kula chakula chake si kitu. Kilichomuuma ni kwamba nilimwona yeye kila siku ukutani, nikachagua kuugua kimya kuliko kumwambia neno moja. Alisema kwamba hiyo si heshima, ni kiburi kilichovaa shati safi. Nimelifikiri neno hilo kwa siku nyingi, na ndilo lililonikalisha mezani leo. Maana wewe ni dada yangu, na wewe nilikuficha zaidi.

Najua kwamba kwa kukuambia haya nimekupa sababu ya kunichukua ambayo hukuwa nayo. Ichukue, uipime. Lakini pima pamoja nayo kwamba mwanamume uliyesema hawezi kuchemsha chai anapika kila siku, anatembea kila siku, na kuna mtu ng'ambo ya ukuta anayenusa wali wake ukianza kuungua.

Robert nimemwomba asikodi gari la kuhamishia vitu. Nimemwambia aje mwenyewe, na aje na njaa. Atakula nilichopika, atazungumza na Bibi Batulbai na muuguzi wa kliniki, kisha tutaketi baba na mwana. Nikihamia Soni, nitahamia na hawa wawili, nawe utawatafutia kuku wako banda imara. Nikibaki, nitakuomba uje ukae nasi miezi ya baridi. Goti lako litapenda joto la huku. Siku uamuzi utakapofikiwa nitakuandikia, na barua hiyo haitasubiri mvua.

Nisalimie nyumba yote, na majirani wa pale kanisani. Mungu akutunze.

Ndimi mdogo wako,
Fanueli