Hoja Mbovu Pembeni mwa Ukurasa

Ijumaa, 7 Novemba 1975

Mazoezi kumi na mawili ya mantiki kabla ya adhuhuri. Saba sahihi. Miguu imevimba. Daktari anasema ni figo. Ramadhani ijayo sitaifunga.

Mtihani wa kuingia masomo ya uzamili ni tarehe 24. Niliacha kusoma miaka miwili iliyopita, siku wanajeshi walipomchukua jirani yangu Matia, niliyesoma naye. Duka la vitabu lilikuwa limefungwa, kitabu kimoja tu tulipata, tukakikata kwa wembe. Nusu kwake, nusu kwangu, tukibadilishana kila Ijumaa baada ya swala yangu. Sasa Ijumaa huja mkewe, Nnalongo, akitoka kuuza samaki soko la Ggaba. Ndiye aliyeniletea nusu zote mbili.

"Ssebo, mwalimu, kitabu nalala kwa sanduku miaka mbili. Wewe pia nataka kulala? Soma ya wewe, soma na ya Matia."

Hajui.

Jumanne, 11 Novemba

Wanajeshi wamemvunja mkono muuza maziwa mbele ya lango langu. Hakuwapisha upesi na baiskeli yake. Walimlaza, mmoja akasimama juu ya kiwiko. Nilisikia mfupa. Maziwa yote mtaroni. Nikafunga dirisha, nikafanya zoezi la thelathini na moja. Nimekosa.

Mimi ni mwoga. Si wa jana.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeufikia ukurasa niliouogopa. Damu imekauka pembeni, rangi ya chai. Chini ya somo la hoja, mwandiko wangu: "Kila mjinga hupenda saluti. Mkubwa wetu hupenda saluti. Kwa hiyo Mkubwa wetu ni mjinga."

Mzaha juu ya mtawala wa nchi, wa kumchekesha Matia. Kitabu ni cha Kiingereza, mimi nikaandika kwa Kiswahili. Kiingereza wangekipita tu. Kiswahili ndiyo lugha ya kambi za jeshi.

Walipopekua nyumba yangu, koplo aliisoma kwa sauti. Akauliza nani ameandika. Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikaweka kidole juu ya jina la Matia. Wakaondoka na nusu ile mpaka kwake, ua wa pili kutoka kwangu. Nilisikia vitako vya bunduki vikimshukia. Nilisikia Nnalongo. Kisha buti ya gari ikafungwa.

Hakurudi. Hatukupata hata mwili wa kuzika.

Leo Nnalongo alipokuja nilijifanya nimelala.

Jumatano, 19 Novemba

Nimetapika mara tatu. Mazoezi manne tu. Nikifa kabla ya kusema, atanililia. Hilo siwezi kulibeba.

Ijumaa, 21 Novemba

Nnalongo alikuwa akipara samaki barazani kwangu. Akasimulia mwenyewe, bila kuulizwa. Koplo alimwonyesha Matia ukurasa. Matia alisoma mpaka mwisho, damu ikimdondoka juu ya karatasi.

"Yeye nacheka kidogo. Nasema, hoja mbovu hii, lakini ni ya mimi. Wakapiga yeye kwa mdomo, wakatupa kitabu chini." Akanitazama. "Mwalimu, mtu gani naandika kitu, halafu nasema ni mbovu?"

Basi Matia alikuwa ameujua mwandiko wangu.

Nikamwambia. Niliandika mimi. Jina lake nililionyesha mimi, kwa kidole hiki.

Aliweka kisu chini. Akachukua nusu ya kitabu, akanipiga nayo usoni. Mara tatu, nne. Jino moja limetoka. Sikujikinga. Alikitazama kisu, nami nikakitazama. Nilitaka akichukue.

Alikichukua. Akakiosha, akakifunga pamoja na samaki wake.

Langoni akasema, "Jumatatu wewe naenda kwa mtihani. Mimi nakuja kukuchukua. Usikufe kabla."

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua nyepesi tangu alfajiri. Fizi imeacha kuvuja damu. Nimekunywa chai bila sukari.

Hoja ile kweli ni mbovu. Hata mwenye akili aweza kupenda saluti. Matia aliona mara moja.

Nimechonga penseli mbili. Kisha nimechukua kalamu ya wino, na chini ya maneno yale nimeandika jina langu, langu na la baba na la babu. Kitabu nimekiacha mezani, ukurasa ukiwa wazi. Wakija tena, wasisumbuke kutafuta.

Nnalongo yuko langoni na mwavuli. Hakuingia. Amekohoa mara moja.

Naenda.