Springi za Kumshushia Mama Mkwe Gari

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe amegoma. Hospitali haendi tena. Sababu ni gari langu. Aliyeniuzia hii Mark Two kuukuu aliinyanyua kwa springi ndefu, kwa ajili ya barabara za vijijini huko Issuna. Nyonga ya mama haipandi huko juu. Wiki iliyopita vijana wawili walimbeba wakamtia ndani kama gunia la alizeti. Mimi nimesimama pembeni, nimegeukia ukuta — mkwe hamgusi mama mkwe, kwetu hilo halina mjadala. Lea mke wangu ana mimba ya miezi saba, hawezi kumnyanyua mtu. Na daktari alishasema, akiacha mazoezi ataacha kutembea. Roho inaniuma.

Alhamisi, 6 Juni

Basi gari lishuke lenyewe. Nimepita Utemini kwa Festo, muuza vipuri. Kanicheka: mzee mzima nataka gari la kisela? Ana springi fupi kabisa, nyekundu, zimetoka Dar. Gari linakaribia kulamba lami. Nilizitamani, nisijidanganye. Kisha nikawaza — mama akishazama humo, atainukaje? Fundi Melkizedeki yeye anasema tukate hizi hizi nilizonazo, rahisi tu. Lakini springi ya kukatwa inadunda, na nyonga ile haitaki kudundishwa. Nimerudi mikono mitupu.

Jumamosi, 8 Juni

Lea kanizidi akili. Mama ana kiti chake kifupi uani, hapo anakaa na kuinuka bila kumsumbua mtu. Siti ya gari iwe kimo hicho hicho! Akampigia simu dada yake Eliza, anayekaa na mama kule Ilongero. Eliza kakipima kwa kamba, kafunga fundo pale kiti kinapoishia, kampa bodaboda ailete. Melkizedeki kaisimamisha kamba kando ya siti, akacheka: wateja wengine humletea picha za kwenye simu. Akapiga hesabu. Zile nyekundu zitaizamisha siti chini ya fundo. Za kawaida, za kiwandani, zitaiacha juu yake. Kuna seti nyingine iliyotumika, fupi kwa kiasi. Hiyo hiyo.

Jumatano, 12 Juni

Zimefungwa. Siti na fundo, sawasawa. Majirani wanauliza kama nimerudia ujana. Waache waulize.

Ijumaa, 14 Juni

Amepanda mwenyewe! Niligeukia zizini kama adabu inavyotaka, nikasikia fimbo, kimya, halafu mlango ukafungwa. Lea akasema tayari. Nikashusha pumzi. Machozi yalinilenga, naandika tu kwa kuwa hakuna wa kusoma. Hospitali kashuka mwenyewe pia, anasalimia watu njia nzima.

Sasa tuko njiani kumrudisha, tumekwama. Karibu kabisa na Ilongero, tumbo la gari limekalia tuta la katikati ya njia, matairi yanazunguka bure. Kabla sijalishusha lilikuwa linapita hapa bila wasiwasi; leo asubuhi liliparuza tu likapita. Sijali sana, ajabu.

Wavunaji wa alizeti wanne wamekuja kutusaidia. Wanataka abiria washuke, uzito upungue. Lea kashuka. Mama hataki. Mimi haniambii neno moja kwa moja, lazima lipitie kwa Lea, hata nikiwa hatua mbili tu. Akasema: mwambie mumeo nimepanda kwa miguu yangu, nitashukia nyumbani kwangu. Wavunaji wakauliza, sasa tufanyeje, bibi? Akawajibu waliinue gari na yeye akiwa ndani, ila yeye mtu asimguse.

Lea amecheka mpaka kashika kiuno. Wamejaribu mara moja, halikuinuka. Wanataka mtu wa tano. Naitwa mimi, na nafasi iliyobaki ni hapo mlangoni kwake. Nimesita, nikajifanya naandika. Akamwambia Lea, kwa sauti ya kunifikia kabisa: gari si ni lake? Alishike basi.

Naenda —