Baba Anataka Mbio, Mkunga Anataka Utulivu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, ila nakuambia mapema usinishauri nikamwangukie baba miguuni, kwa sababu hilo nimeshaambiwa na mama, na shangazi, na hata fundi rangi ambaye hayamhusu.

Mimi ni mchoraji wa boti katika karakana ya baba, huu mwaka wa tisa, na baba ndiye aliyenipeleka kusomea kazi hii, na sasa ndiye asiyetaka kusikia nilichosoma. Alikuja mkunga anayehudumia visiwa, akataka katamarani, ile boti ya bodi mbili zilizounganishwa kwa sitaha, ya kuwapeleka hospitali kina mama wanaokaribia kujifungua, akasema wazi kwamba mwendo wake ni maili kumi na tano kwa saa, mgonjwa amelala na yeye amesimama akimhudumia. Nikamchorea bodi ndefu, nyembamba, zinazopasua maji taratibu, kwa sababu kwa mwendo huo ndizo zinazoteleza kwa mafuta kidogo. Baba akautazama mchoro akacheka, "Hivi ni vijiti vya kuchokolea meno," akaamuru itumike kalibu yake ya zamani, lile umbo analofinyangia boti zake zote, ya bodi pana zenye chini bapa, maana boti zake hupanda juu ya maji zikaruka, na hakuna aliyewahi kuzipita.

Nikamwomba tuijaribu mojawapo ya boti zake hizo, mkunga akiwemo. Kwa maili kumi na tano pua ilinyanyuka tukawa hatuoni mbele, nyuma tunaburuta wimbi kama tunalima, injini zinalalamika, na baba anapiga kelele, "Ngojeni niongeze, italala sawa!" Akaongeza hadi ishirini na nane, ikalala kweli, lakini kila wimbi likawa kofi, mkunga akaanguka akapasuka mdomo. Akainuka akauliza, "Mzee, hapa nimlaze mtu mwenye uchungu?"

Baba akamjibu, "Utafika mapema."

Mimi nikanyamaza. Kesho yake nikakuta mafundi wanaipaka nta ile kalibu tayari kwa kazi, nikawatoa nje wote, nikafunga mlango, na ufunguo ninao mpaka leo siku ya tatu, baba hasemi nami, mama analia, nami nimeapa sifungui mpaka kalibu ile iondolewe. Je, nimekosea?

Binti wa Karakana

*

Binti, ufunguo urudishe leo, kabla ya chai ya saa nne. Hao mafundi uliowatoa nje wana ugomvi gani na wewe? Na kuna jambo umelipita haraka haraka, nami sikuachii. Mkunga, damu mdomoni, ameuliza swali la maana kuliko yote, na wewe mwenye jibu ukanyamaza. Mlango umeweza kuufunga. Kinywa mbele ya baba yako kimekushinda kufungua. Mama wa watu amerudi kwake akidhani boti zote ndivyo zilivyo!

Lakini kuhusu boti yenyewe, usirudi nyuma hata hatua moja. Mimi si mtu wa bahari, kwa hiyo nimempigia simu nahodha mstaafu ninayemwamini. Ameniambia bodi bapa ni za mwenye haraka, ukizipeleka polepole zinajikokota; na nyembamba nazo ukizilazimisha mbio unachoma mafuta bure. Kwanza unauliza mwendo, ndipo unachora umbo. Baba yako ameanza na sifa zake.

Mtafute mkunga, mpe mchoro, na usimfiche ubaya wake: haitafika ishirini na nane, na akiijaza mizigo itadidimia. Achague mwenyewe. Kisha mwambie baba yako, uso kwa uso na kwa adabu zote, kwamba akitumia ile kalibu jina lako halitakuwa kwenye karatasi. Usipayuke, usilie. Akikataa, beba kalamu zako ukachore kwingine. Heshima ya mzazi haikulazimishi uweke sahihi kwenye kitu kitakachomuumiza mama mjamzito.

*

Binti ameniandikia tena, na kwa ruhusa yake naiweka hapa:

"Nimefanya: ufunguo nimerudisha, na mkunga nimempelekea mchoro pamoja na ubaya wake. Mkunga alikuja mwenyewe, akaweka kidole kwenye mchoro wangu mbele ya mafundi wote: 'Nataka hii. Kama haijengwi hapa, nitaenda kwingine.' Nami nikamwambia baba yale ya jina langu mpaka mwisho. Akatoka, akakaa ndani ya gari karibu saa nzima. Aliporudi akasema, 'Haya, ijenge. Ikizama, usiniite baba.'

Nikamuuliza, 'Na ikielea?'

Akachukua futi, akaanza kupima sakafu kutoka mlangoni, akafika mwisho akasimama. 'Bodi zako ndefu mno. Itabidi tuvunje ukuta wa nyuma.'

Nikasema ni kweli. Akawageukia mafundi akawaambia walete nyundo."